Mstari wa Kumi na Moja

Bei ya leo ni shilingi kumi na moja na senti ishirini.
Naiandika kwa penseli, bei haina kiapo.
Wino nauweka kwa majina.

Daftari hili lilikuwa la madeni:
gorogoro mbili za ndengu, nusu gunia la njahi,
Mama Nyaguthii atalipa mwisho wa mwezi.
Kurasa za nyuma zilikuwa tupu
Chelule alipofariki akaniachia buti za kazini,
harufu ya kiberiti kwenye koti,
na hisa elfu moja mia nne za Jotoardhi ya Bonde,
waliomlipa miaka kumi na tisa
atoboe Menengai usiku, mji upate taa.

Sikujua hisa. Nilijua gunia.
Na soko la Wakulima lilishanifunza:
usitazame mahindi, tazama lori.
Lori likija tupu alfajiri likaondoka limeinama,
kuna mtu kajua jambo
ambalo wewe hujaambiwa.

Basi nikaanza kuhesabu malori.

Wekulo, kijana wa ofisi ya dalali,
ghorofa ya pili, Barabara ya Kenyatta,
hunichapishia orodha kila robo mwaka,
wenye hisa kumi wakubwa.
Nami humpelekea kunde, kilo moja, zilizopepetwa.
Naikunjua juu ya mizani, nanakili:

Bima ya Nyati, wameongeza milioni tatu.
Amana ya Kilele, wamepunguza. Wamepunguza tena.
Wadhamini, akaunti namba sifuri sifuri arobaini na saba,
wananunua.
Huyu wa mwisho hana jina.
Huja sokoni amejifunika gunia hadi machoni,
hutoa pesa, hubeba, huenda.
Nimemfuata robo sita. Sijauona uso wake.

Aprili bei ilianguka
kama debe lililokatika mkono.
Jumapili ndugu yangu Kirwa akaja kutoka Njoro,
mwalimu mstaafu, sauti bado ya ubaoni.
“Hawa wakubwa ni fisi,” akasema.
“Wamemtupa Chelule wetu kama ganda la muwa.
Ningewajua, ningewaambia usoni.”

Nikamsogezea daftari. Mstari wa nne.
Pensheni ya Walimu wa Bonde: wameuza
milioni mbili na laki sita.

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa shati,
akasoma tena.
“Hii ni ile ya kwetu?”
“Ile ile. Wanaokutumia pesa kila tarehe tano.”
“Lakini mimi sikuuza kitu.”
“Uliuza, Kirwa. Wewe na Jeruto wa hesabu
na yule mkuu wa shule uliyemchukia.
Mliuza siku ya Jumanne, mchana,
nikiwa hapa napima maharagwe.”

Akacheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani.
Kisha hakucheka tena.
Alikaa akitazama mikono yake,
miaka thelathini na moja ya chaki,
kama mtu aliyeambiwa kwamba usingizini
hutembea.

Sikumwambia mstari uliofuata,
kwamba walichouza wao
kilibebwa chote na arobaini na saba.

Jioni mvuke ulipanda kule juu ya kreta,
mweupe, hauulizi ni wa nani.
Nilifunga duka. Wekulo alikuwa amenipigia:
“Mama, na wewe je? Unauza au unashika?”
Sikumjibu. Nilitafuta kalamu.

Chini ya wale kumi nikachora mstari mwingine
nikaandika, kwa wino,
Taprandich Chelule, muuza nafaka, Nakuru.
Hisa elfu moja mia nne.
Mabadiliko: hakuna.

Jina ndilo la wino.
Hiyo idadi, na hilo neno la mwisho, ni penseli.
Januari ina karo.